Barua Zilizofika na Salamu Tupu

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, na keki iliyoandikwa Mama Posta badala ya Kadzo, jina nililopewa na wazazi wangu. Nashukuru kwa vyote viwili. Saa hiyo inachelewa tangu niifikishe nyumbani Mishomoroni, nami siirekebishi, kwa kuwa sina tena pa kuwahi. Mliniomba pia niwaandikie machache kuhusu kazi ya barua pepe, nyinyi mlioachiwa mashine zangu. Haya basi. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Idara ya wafanyakazi inazijua kuliko mimi, na hata wao walizikosea mara kadhaa.

Niliajiriwa Changamwe, katika kampuni hii yetu ya kutoa mizigo bandarini, nikiwa mpiga chapa. Barua pepe wakati huo ilikuwa jambo la chumba kimoja, kilichokuwa stoo ya mafaili, na mwenye chumba alikuwa Bwana Deche. Alikuwa mtu mfupi, mpole, wa Kaloleni, aliyevaa kalamu tatu mfukoni na kuandika kwa ya nne. Alihitaji msaidizi anayejua kupiga chapa bila kutazama vidole. Wenzangu walikikimbia chumba kile kwa sababu ya joto na kelele za modemu, kile chombo cha kuiunganisha kompyuta na laini ya simu, ambayo ilipopiga simu ililia kama paka aliyefungiwa kabatini. Mimi nilikwenda kwa sababu kilikuwa na feni.

Siku ya kwanza hakunionyesha programu yoyote ya barua. Alinikalisha mbele ya kioo cheusi chenye maandishi meupe, akasema, "Kadzo, kabla hujampa mtu mwingine kazi ya kukusemea, jifunze kusema mwenyewe. Zungumza na seva."

"Nizungumze nayo nini?"

"Ngoja kwanza. Itajitambulisha."

Kweli, mstari ukatokea: seva, yaani mashine inayopokea na kupeleka barua, ilikuwa inataja jina lake. Bwana Deche akaniambia niiamkie. Neno la kuamkia ni HELO, la Kiingereza lililopunguzwa herufi moja, na baada yake unataja jina lako nawe. Seva ikaitikia. Ndipo ukaiambia barua inatoka kwa nani, ikakubali, inakwenda kwa nani, ikakubali, na mwishowe ukaomba ruhusa ya kuandika barua yenyewe. Nilicheka hadi Bwana Deche akavua miwani. Nilikuwa nimetarajia mashine ya kizungu isiyo na adabu, kumbe kanuni zake zinataka watu waamkiane na kutajana majina kabla ya kuleta shida zao. Niliipenda kazi hii tangu asubuhi hiyo, na feni sikuikumbuka tena.

Kanuni hizo ndizo kazi yetu yote, msidanganywe na rangi za skrini. Zimeandikwa na watu wa mataifa mbalimbali, ziko wazi, na yeyote anaweza kuzisoma bila kuomba kwa mtu. Hakuna askari wa kuzisimamia. Programu iliyoandikwa Changamwe na nyingine iliyoandikwa Ujapani hazijawahi kuonana, lakini barua inafika, kwa sababu walioziandika walisoma kanuni zilezile. Kila barua ina kichwa, kisha mstari mmoja mtupu, kisha mwili. Ukikosea mstari ule mtupu, mwili unadhaniwa ni kichwa, na anayepokea anaona mambo ya ajabu.

Bwana Deche alinifundisha mengi ya kanuni hizi kwa njia ya starehe yake. Baada ya kazi alikuwa akifungua programu ya kusomea vikundi vya majadiliano, mahali ambapo watu wa dunia nzima walibandika ujumbe na kujibizana. Programu ile na ya barua pepe ni ndugu wa tumbo moja: ujumbe una kichwa kilekile, mstari mtupu uleule, mwili uleule. Kila ujumbe una namba yake pekee, na ukiwa ni jibu, unataja namba ya ujumbe uliouzaa na za waliotangulia, kama mtu anavyotajiwa baba na babu. Kwa hiyo programu inaweza kukupangia ukoo mzima wa mabishano. Bwana Deche alikuwa na ukoo wake mmoja mrefu, alimobishana na mtu wa nchi ya theluji juu ya namna ya kupanda minazi. Yule mtu hakuwahi kuuona mnazi, na hakushindwa hata mara moja.

Makarani wetu walinisumbua sana kwa jambo hilo la ukoo. Karani akitaka kumwandikia mteja jambo jipya, alikuwa anafungua barua yoyote ya zamani ya mteja huyo, anabonyeza jibu, anafuta yaliyomo na kuandika yake. Alidhani ameanza upya, lakini namba za mababu zilibaki kichwani. Siku moja meneja wa wakati huo alitafuta habari za kontena la matairi, akalikuta limejipanga chini ya rambirambi. Niliwafundisha wafungue barua mpya. Waliitikia wote, na hakuna aliyefanya.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa vitunguu pale Kongowea ambaye alilalamika kwamba hatumjibu. Nilikwenda mwenyewe, nikapenya katikati ya mikokoteni hadi ofisini kwake, nikatazama kompyuta. Saa yake ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Barua zake zilikuwa zinafika kwetu zikiwa na tarehe ya zamani, na programu zetu zikazipeleka chini kabisa ya orodha, mahali pasipotazamwa na mtu. Nilimrekebishia saa. Alinipa kiroba cha vitunguu ambacho sikujua nikipakie wapi.

Na kuna wale wakubwa wawili, mmoja wetu na mmoja wa kampuni ya meli, waliokwenda likizo siku moja, kila mmoja akiacha programu ya kujibu kwamba hayupo. Moja ilimwambia mwenzake hayupo, mwenzake akajibu hayupo, na hivyo hivyo kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi nilipofika na kukuta seva imejaa pomoni. Kanuni inasema jibu la mashine lijitambulishe kuwa la mashine, na mashine isiijibu mashine. Hawa waliiruka kanuni hiyo, na watu wawili wasiokuwepo wakaandikiana kuliko walivyowahi kuandikiana wakiwepo.

Bwana Deche alistaafu, akarudi Kaloleni kwenye minazi yake, nami nikabaki na chumba. Sasa niwaeleze kisa ninachotaka mkishike kuliko vyote, cha Mzee Athmani.

Mzee Athmani alikuwa karani wetu wa barua, mtu wa Kisauni, wa nyumba ya zamani. Baba yake alikuwa akiandikia barua wafanyabiashara, naye alirithi mwandiko na taratibu. Barua yake ilianza na salamu, na salamu zake hazikuwa za mstari mmoja. Alimuulizia mteja hali, watu wa nyumbani, wazee, majirani na mvua. Akimaliza, aliweka nukta moja, peke yake, kwenye mstari wake. Niliwahi kumuuliza ni ya nini.

"Ni ya kupumzikia, mwanangu," alinijibu. "Wampa msomaji nafasi aitikie salamu moyoni kabla hujamtia kwenye mambo ya kontena. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa nyumbani."

Baada ya nukta ndipo aliandika "Ama baada ya salamu", kisha jambo lenyewe, kwa ufupi na bila kosa: namba ya kontena, meli, siku ya kulitoa, nyaraka zinazotakiwa. Wateja walimpenda. Kwa miaka mingi barua zake zilikwenda na kufika, wala mimi sikuwa na sababu ya kuifikiria nukta ile.

Kisha tukapata mfumo mpya. Aliuandika Kevin, mnayemjua, wakati huo akiwa ameshuka tu kutoka Nairobi na begi moja na kompyuta mbili. Ni kijana hodari, na sisemi hivyo kwa kuwa atasoma hapa. Makarani waliacha programu ya zamani ya barua, wakawa wanaandika ndani ya mfumo, na mfumo unatuma wenyewe kwa mteja na kuleta nakala kwenye sanduku la ofisi.

Wiki kadhaa zikapita kwa raha. Mteja wa Lamu alimwandikia Mzee Athmani kwamba hawajambo na mama yake anaendelea vizuri. Wa Unguja alishukuru kukumbukwa. Wa Maskati alileta salamu ndefu kuliko za Mzee Athmani, jambo nililodhani haliwezekani. Hakuna aliyeulizia mzigo wake. Watu hawa wamelelewa kutomkatiza anayewasalimu. Waliitikia, wakakaa kungoja barua ya pili yenye mambo, na kontena zikakaa bandarini nazo zikingoja.

Aliyevunja ukimya ni mteja wa Nakuru, muuza matairi. Alipiga simu, meneja wetu Bi Rukia akapokea, na sauti ilisikika hadi kwangu. "Nyinyi watu wa Mombasa, nimesalimiwa vya kutosha! Mzigo wangu uko wapi?"

Bi Rukia akafungua sanduku la nakala. Barua za makarani wengine zilikuwa kamili. Za Mzee Athmani, zote, zilikuwa salamu tupu. Zilifika kwenye kuulizia majirani na mvua, zikakoma.

Aliniita ofisini kwake, akafunga mlango. "Mama Posta, yule ni mzee wetu, amenipakata mimi nikiwa mdogo. Sitaki aaibike. Amechoka, anasahau. Alhamisi nitamwita nimwambie apumzike nyumbani, na tutamfanyia karamu nzuri."

"Umemuuliza?"

"Nimemuonyesha nakala. Nikamwambia nitamwita Alhamisi."

Nilimkuta Mzee Athmani mezani kwake, mikono juu ya magoti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nikakaa.

"Mwanangu," akasema, "wallahi mimi naona nimeandika. Naona kabisa. Lakini nakala nimezitazama kwa mato yangu, hamna kitu. Marehemu baba alianza hivihivi. Alianza kwa kusahau alilokuwa akisema, mwisho akatusahau sisi. Alhamisi akiniita yule mtoto Rukia, nitakwenda. Siyui nitamwambia nini mke wangu."

Nitasema wazi kwamba niliogopa. Nilimjua mtu huyu miaka mingi, na sikuwa na hakika kwamba Bi Rukia amekosea. Hata hivyo nilifanya alivyonifundisha Bwana Deche, kwamba usimsadiki mtu wala mashine kabla hujatazama mwenyewe. Nilimwomba aandike barua moja mbele yangu.

Aliandika, taratibu, kwa vidole viwili. Salamu, watu wa nyumbani, mvua. Nukta yake. Ama baada ya salamu. Namba ya kontena, meli, siku, nyaraka, akamalizia na dua. Akatuma. Tukafungua sanduku la nakala, tukangoja. Barua ikafika, na ilikoma kwenye mvua.

Mzee Athmani alinishika mkono. "Niliandika, au sikuandika?"

"Umeandika, Mzee. Nimeona kila neno."

"Waniambia kweli?"

"Naapa. Wewe huna ugonjwa. Kuna mwizi humu, na nadhani namjua."

Nilikuwa nimeitazama ile nukta, na kanuni ikanijia. Katika kanuni zetu, unapoiandikia seva barua, unaiambiaje kwamba umemaliza? Unaweka nukta moja, peke yake, kwenye mstari wake. Seva ikiona hivyo inajua barua imekwisha, inaifunga na kuipeleka. Vikundi vya majadiliano vya Bwana Deche vilikuwa na kanuni hiyohiyo. Na kwa kuwa waandishi wa kanuni walijua kwamba kuna watu kama Mzee Athmani duniani, waliongeza jambo: programu inayotuma ikikuta mstari unaoanza na nukta ndani ya barua, iongeze nukta nyingine mbele yake. Seva ikipokea inaondoa ile ya ziada. Mwandishi hajui, msomaji hajui, barua inafika nzima. Programu yetu ya zamani ilikuwa imeifanyia nukta ya Mzee Athmani hivyo siku zote, kimya kimya.

Nilikwenda kwa Kevin. "Sehemu ya kutuma barua umeichukua mahali au umeiandika mwenyewe?"

"Nimeiandika mwenyewe, Mathe," akasema kwa fahari. "Iko fiti. Nimeijaribu na barua zangu zote."

"Barua zako zina salamu?"

Akafikiri. "Huwa naanza tu."

Nikamwomba afungue kumbukumbu za seva, pale inapoandika kila ilichoambiwa na ilichojibu. Tukasoma pamoja. Seva ilipokea salamu za Mzee Athmani, ikaiona nukta, ikashukuru kwamba barua imekwisha na kuipeleka. Lakini mfumo wa Kevin uliendelea kusema. Kwa hiyo seva ikayachukua maneno yaliyofuata kuwa ni amri inazopewa. Iliambiwa "Ama baada ya salamu", ikajibu kwamba haijui amri hiyo. Iliambiwa "Kontena lenu limeshuka", ikajibu haijui amri hiyo. Ilijibu hivyo kwa kila mstari hadi ilipochoka na kukata mazungumzo. Hata dua ya mwisho iliijibu kwamba haijui.

Kevin alishika kichwa, kisha akaanza kucheka, nami nikacheka hadi machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko. Maneno ya mzee yalikuwa yametoka kila siku, na mashine iliyo chumba cha pili ndiyo iliyokuwa ikiyakataa.

Tulikwenda wawili kwa Bi Rukia. Alitusikiliza, akavuta pumzi, akasema alhamdulillahi mara tatu. Kisha akasema, "Basi ni rahisi. Mwambieni aache kuweka hiyo nukta."

Hapo nilipandwa na hasira, na mnajua si kawaida yangu mbele ya bosi. Nilimwambia kwamba mzee hakukosea. Kanuni inamruhusu mwandishi kuandika apendavyo, na inaitaka programu ibebe alichoandika kama kilivyo. Leo tukimnyima Mzee Athmani nukta, kesho mteja atatuandikia yake kwa njia nyingine, na mfumo utaila. Tutakuwa tunafundisha watu kumtii mwenye makosa. Nilisema mengine pia, kwa sauti.

Kevin akakohoa. "Yuko sawa, Bi Rukia. Hii ni yangu. Ni mstari mmoja tu wa kuongeza."

Aliuongeza palepale, amesimama, kompyuta ikiwa juu ya meza ya Bi Rukia. Tukatuma barua yenye nukta, ikafika nzima.

Bi Rukia hakungoja Alhamisi. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye meza ya Mzee Athmani, akainama, akamwomba radhi kama mtoto anavyomwomba mzazi. Mzee alimwekea mkono kichwani. Kisha akatoa simu, akampigia mkewe. Alikuwa na simu ya sauti kubwa, na sote tulisikia.

"Mama Maryamu, ni mashine. Mimi ni mzima."

"Si nilikwambia?" sauti ya mkewe ikajibu. "Mtu asahauye angekumbuka kunilalamikia chumvi kila mchana?"

Kicheko kiliizunguka ofisi nzima. Mzee Athmani alicheka pia, akajipangusa macho kwa kofia yake. Lakini ilibaki kazi moja. Yale maneno yaliyokataliwa hayakuwa yamehifadhiwa popote kwa ukamilifu, kwani mfumo haukuweka nakala nyingine, na seva ilikuwa ikikata mazungumzo kabla hayajaisha, na wateja wote walikuwa bado wanangoja. Bi Rukia alisema Kevin akalete mafaili ya mizigo, ili mzee aandike upya akiangalia.

"Mafaili ya nini?" akauliza Mzee Athmani.

Akasogeza kibodi, akaanza. Barua ya Lamu: kontena, meli, siku, nyaraka. Ya Unguja. Ya Maskati, yenye masanduku ya vioo na jina la nahodha. Kevin alikaa kando yake na mafaili magotini, akifuata kila namba kwa kidole. Aliangalia ya kwanza, akaangalia ya pili. Katikati ya ile ya Maskati aliyafunga mafaili yote na kuyaweka chini.

Mzee akageuka. "Mbona hukagui?"

"Hakuna haja, Babu," akasema Kevin. "Endelea tu."